MUOMBAJI NA MCHUUZI
Darasa katika haki zao, ufukweni na njiani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, aliyewafanya waja wake kuwa mtihani wao kwa wao: tajiri hujaribiwa kwa maskini, na maskini hujaribiwa kwa tajiri. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Hii ni darasa katika kubainisha hukumu za watu wawili ambao Muislamu wa pwani hawaepuki: mwenye kunyosha mkono akaomba, na mwenye kunyosha bidhaa akauza. Watu hawa walikuwako tangu zamani milangoni mwa misikiti na katika masoko. Lakini tangu ufukwe kuwa mahali pa starehe ya wageni, Nungwi, Kendwa na Paje katika Unguja, Bamburi, Diani, Watamu na Malindi katika pwani ya Kenya, wamekuwa wengi pale ambapo watu huenda kupumzika. Anayepunga upepo na watoto wake siku ya Idi hujiwa na mmoja baada ya mwingine: huyu ana madafu, huyu ana shanga, huyu ana kanga, huyu anataka kumpakia katika ngalawa, na yule hana kitu ila mkono wake. Basi moyo hudhikika, na ulimi husema usilolipima.

Na watu katika jambo hili ni makundi mawili. Kuna anayewaona wote kuwa ni wavivu na wezi, akawafukuza kama kuku. Na kuna anayempa kila ajaye ili aondokwe tu na kero, kisha akadhani ametimiza ibada. Makundi yote mawili yameiacha njia, kwa kuwa hawakutenganisha baina ya mtu na mtu. Na elimu ya fikihi kazi yake ni kutenganisha.

FASILI YA KWANZA: Wajibu wa anayeombwa

Fahamu, ewe ndugu, ya kwamba sheria imemwekea anayeombwa mambo matatu.

La kwanza, asikemee. Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura Adh-Dhuha, aya ya 10, mwenye kuomba asikaripiwe. Makatazo hayo hayakuwekewa sharti ya kwamba muombaji awe mkweli. Maana anayeombwa hajui yaliyo ndani ya nyumba ya mwenziwe, wala hakukalifishwa kuyajua.

La pili, asiye na kitu cha kutoa, au aliyeona kuwa si maslaha kutoa, na aseme neno laini. Haya yamo katika Sura Al-Israa, aya ya 28. Na katika Sura Al-Baqara, aya ya 263, imebainishwa ya kuwa neno jema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Basi anayemtupia muombaji sarafu mchangani huku akimtukana, ametoa mali na amekosa thawabu. Na anayemwambia kwa upole, Mwenyezi Mungu akuruzuku, hakutoa mali na amepata thawabu. Ni hasara iliyoje kununua dhambi kwa fedha yako!

La tatu, asitosheke na yule aliyemjia, bali amtafute asiyekuja. Katika Sura Adh-Dhariyat, aya ya 19, wametajwa wawili wenye haki katika mali ya wacha Mungu: mwenye kuomba na mwenye kunyimwa. Wengi katika wafasiri wamesema mwenye kunyimwa ni yule anayejizuia asiombe, basi watu wakamdhania anacho. Na katika Al-Baqara, aya ya 273, wamesifiwa mafakiri ambao asiyewajua huwahesabu kuwa ni matajiri kwa sababu ya kujiheshimu kwao, wala hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Ishike aya hii, kwani ndiyo msingi wa darasa hii yote, na itarejewa.

FASILI YA PILI: Ni nani aruhusiwaye kuomba

Asili ya kuomba watu ni makatazo, wala hakukuruhusiwa illa kwa dharura au haja. Amepokea Muslim kwa Qabisa bin Mukhariq, Mungu amwie radhi, ya kuwa Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kwamba kuomba hakuwi halali ila kwa mmoja katika watu watatu. Wa kwanza ni aliyejitwisha dhamana ili kusuluhisha watu. Huyo huomba mpaka alipe, kisha akome. Wa pili ni aliyepatwa na msiba ulioangamiza mali yake. Huomba mpaka apate cha kumsimamisha. Wa tatu ni aliyefikwa na ufukara, wakashuhudia watatu wenye akili katika watu wake kuwa kweli ameufikia. Naye huomba mpaka apate cha kumsimamisha. Kinachozidi hapo ni haramu anayoila mwenye kuila.

Tazama namna sheria ilivyoweka mashahidi watatu, tena wa watu wake mwenyewe. Maana yake ni kuwa fakiri ni mtu wa mtaa fulani, mwenye majirani wanaomjua. Mtu akiomba ufukweni kwa wageni ambao kesho watapanda ndege, hakuna shahidi. Na hilo si kosa lake peke yake: ni kosa la majirani pia, ambao walimwacha mpaka akaenda kutafuta huruma kwa asiyemjua. Mtaa ungalimtazama mjane na mgonjwa wake, wangalipungua wanaozunguka maduka siku ya Ijumaa, na wangalipungua wanaokaa mchangani mbele ya wazungu.

Ama mwenye afya na uwezo wa kuchuma, akaomba ili kuzidisha mali, huyo amekatazwa makatazo makali. Muslim amepokea kwa Abu Huraira ya kuwa mtu kama huyo haombi ila makaa ya moto, basi apunguze au azidishe. Na katika Bukhari na Muslim, kwa Ibn Umar, ya kuwa mtu huendelea kuomba mpaka akaja Siku ya Kiyama hana usoni mwake kipande cha nyama. Sababu ni wazi: aliuvua uso wake haya duniani, basi ukaletwa umevuliwa nyama Akhera.

Na dawa yake ni kazi, hata ikiwa duni machoni pa watu. Amepokea Bukhari ya kuwa mtu kuchukua kamba, akaleta mzigo wa kuni mgongoni akauuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Kwa hadithi hii hujulikana daraja ya mchuuzi. Mwenye kubeba madafu juani kutwa nzima yumo katika sifa ya hadithi. Na anayemdharau huyo, amemdharau aliyemtii Mtume.

FASILI YA TATU: Mchuuzi na mahali pake

Baadhi ya watu husema: Ufukwe ni wa mahoteli, na wachuuzi wafukuzwe. Na baadhi ya wachuuzi husema: Ufukwe ni wa Mungu, na kila mtu afanye apendavyo. Hukumu iko baina ya maneno mawili hayo.

Wanavyuoni wa Shafi, katika mlango wa kuhuisha ardhi, akiwamo Imamu Nnawawi katika Minhaj, wametaja ya kuwa asili ya njia ni kupita, lakini inajuzu mtu kukaa humo kwa kupumzika na kwa biashara, hata bila ya idhini ya imamu, madamu hawadhiki wapitao. Na aliyetangulia mahali ndiye mwenye haki napo. Ufukwe ulio wazi kwa watu wote hupimwa kwa mizani hiyo: kukaa na kuuza kwajuzu, kuwadhiki watu hakujuzu. Serikali ikiweka utaratibu wenye maslaha, kama leseni na mahali maalumu, hupasa kufuatwa. Katika Tanzania, mwezi wa Disemba 2018, wafanya biashara wadogo walipewa vitambulisho kwa Sh. 20,000 ili wasibughudhiwe. Na katika Unguja wenye kutembeza wageni hutakiwa wawe na leseni. Kufuata mambo kama haya ni kujihifadhi heshima.

Na katika kudhiki watu ni kumfuata mgeni hatua kwa hatua baada ya kukataa. Wengine humvika mtu bangili mkononi wakisema ni zawadi, kisha wakadai thamani yake mbele ya watu. Jua ya kwamba sharti ya mauziano ni kuridhiana, kama ilivyo katika Sura An-Nisaa, aya ya 29. Na Imamu Al-Ghazali ametaja katika Ihya ya kuwa kinachotolewa kwa haya, moyo haukuridhika, hukumu yake ni kama kilichochukuliwa kwa nguvu. Basi fedha iliyotoka kwa kuona haya au kwa kuogopa hailiwi, hurejeshewa mwenyewe.

TANBIHI. Unguja watu wamewazoea vijana wanaofuata wageni kuwaita papasi, jina la mdudu anyonyaye damu. Kuitana kwa majina mabaya kumekatazwa katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11. Mwenye kukosa na akatazwe kosa lake, lakini asifanywe mdudu. Kijana anayeitwa mdudu kila siku, ni nani atakayemfundisha kuwa ana heshima ya kuilinda?

FASILI YA NNE: Amana kwa mgeni

Baadhi ya wauzaji hudhani kuwa mgeni asiye Muislamu, kwa kuwa ni tajiri na si wa dini, mali yake ni nyepesi. Hii ni dhana batili. Mgeni aliyeingia nchi kwa idhini ameingia kwa amani, na mali yake ni haramu kama damu yake. Mtume (s.a.w.) aliuziana na Mayahudi wa Madina, naye alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa shayiri aliyoinunua kwa jamaa zake, kama alivyopokea Bukhari kwa Bibi Aisha. Hakuona dini ya mwenziwe kuwa ni ruhusa ya kumdhulumu.

Katika yanayotendeka ufukweni, manne yanahitaji kubainishwa.

La kwanza ni kuficha aibu ya bidhaa. Kuna wanaochukua mti mweupe wakaupaka rangi ya viatu, wakauuza kwa jina la mpingo. Na kuna wanaouza unga wa manjano kwa jina la zafarani. Huu ni ughushi, na ni dhambi kubwa. Na mnunuzi akigundua, ana khiari ya kurejesha.

La pili ni thamani. Katika madhehebu ya Shafi, muuzaji ana ruhusa kutaja thamani aitakayo, wala kughalisha peke yake hakubatilishi mauziano wala hakumpi mnunuzi khiari. Lakini akisema uongo, kama kuapa kuwa amenunua kwa Sh. 30,000 naye amenunua kwa 5,000, au akamweka mwenziwe ajifanye mnunuzi ili kupandisha bei, ameingia katika haramu. Mchezo huu wa pili ndio unaoitwa najshi, na makatazo yake yamepokewa na Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar. Na Mtume (s.a.w.) amekataza kuwapokea wenye misafara nje ya soko kabla hawajajua bei. Makatazo hayo asili yake ni katika kununua kwao, na wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kuwauzia. Lakini sababu inajulikana: ni kumghuri asiyejua. Mwenye kumpokea mgeni bandarini ili amuuzie kabla hajafika dukani, na ajitazame moyo wake.

La tatu ni ujira wa kuongoza. Kijana humwambia mgeni kuwa anamtembeza bure, kisha akapewa fungu lake na mwenye duka, na fungu hilo likatiwa juu ya bei. Kazi ya udalali ni halali na ujira wake ni halali, lakini uwe wazi. Na ataje ujira wake tangu mwanzo. Akikubaliwa amepata halali, akikataliwa amesalimika.

La nne ni kitu chenyewe kinachouzwa. Sanamu ya mwanadamu au mnyama iliyo kamili haijuzu kuitengeneza wala kuiuza. Na jawabu ya asemaye, Hii ndiyo riziki yangu, ilikwisha tolewa: amepokea Bukhari ya kuwa mtu alimjia Ibn Abbas akamwambia kuwa maisha yake yamo katika kazi ya picha, naye, baada ya kumbainishia makatazo, akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Tazama hekima yake: hakumfunga mlango ila alimfungulia mwingine. Basi fundi na achonge milango, masanduku, majahazi, maua na mitende. Na kadhalika na aache magamba ya ng'amba na mengine ya kasa, ambayo yamekatazwa na sheria ya nchi kwa kuwa viumbe hao wanakwisha.

Na baraka yote ya mlango huu imekusanywa na hadithi ya Hakim bin Hizam iliyo katika Bukhari na Muslim: wenye kuuziana wana khiari maadamu hawajatengana, wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, hufutwa baraka yake. Basi, ewe muuzaji, mgeni akirudi kabla ya kutengana kwenu akitaka kuvunja, mrejeshee fedha yake kwa uso mkunjufu. Hiyo ni haki yake, si hisani yako.

FASILI YA TANO: Njia ya Karatu

Mtu asidhani kuwa hukumu hizi ni za ufukwe peke yake. Wageni walewale wanaoota jua Nungwi, wengi wao wametangulia kupita bara, katika njia itokayo Arusha ikapita Makuyuni na Mto wa Mbu, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Karatu na lango la Ngorongoro. Huko hakuna bahari, lakini kuna gari linalosimama, na kuna mkono unaonyoshwa dirishani. Mto wa Mbu huuzwa ndizi nyekundu, shanga na picha. Upande wa Ziwa Eyasi wahunzi wa Kidatoga hutengeneza bangili kwa chuma na shaba kuukuu, wakazifua mbele ya mgeni na kumuuzia. Na katika kata za wilaya ya Karatu zilizo mbali na lami, kama Endamarariek, ambako Wairaqw hulima na kufuga, gari la wageni ni jambo la kupita, na mtoto hujifunza upesi kuwa kinachopita huombwa.

Katika hayo mna mafunzo mawili kwa mtu wa pwani.

Funzo la kwanza ni la mhunzi. Bukhari amepokea ya kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu alacho kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Naye ndiye aliyelainishiwa chuma. Basi mwenye kufua bangili akaiuza kwa kweli, kazi yake ina nasaba tukufu, hata kama yeye mwenyewe haijui.

Funzo la pili ni la kijana wa bara anayeteremka pwani. Vijana wengi wa Kimasai na wengineo huacha kwao wakaenda Unguja kuuza shanga na kulinda mahoteli. Mtu wa pwani huwatazama kama watu waliokuja kumwondolea riziki. Hakumbuki kuwa babu zake walikwenda bara na misafara, wakapokewa na watu, wakauza na kununua. Riziki haiondolewi na mchuuzi mwenzio. Na mgeni aliyeishiwa na nauli, akiwa Muislamu, yumo katika wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Na asiyekuwa Muislamu hapewi zaka, lakini sadaka ya hiari hupewa, na mpaji hulipwa thawabu.

MAS-ALA TATU

Mas-ala ya kwanza: Mtoto mdogo akileta karanga au shanga, je, yafaa kununua kwake?
Jawabu: Katika madhehebu ya Shafi mauziano ya asiyebaleghe hayasihi, hata akiwa ni mwenye kupambanua, na hata akiwa na idhini ya walii wake. Basi mnunuzi na amtafute mkubwa wake afunge naye mauziano, na mtoto awe mchukuzi tu. Na mtoto akiwapo ufukweni wakati wa chuo na skuli, kumpa fedha ni kumsaidia kukosa elimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Tanzania Bara, na ya mwaka 2011 kwa Zanzibar, zote zimekataza mtoto kutumikishwa kazi za kumdhuru. Mzazi anayemtuma mwanawe kuomba ana dhambi mbili: ya kuomba, na ya kupoteza amana.

Mas-ala ya pili: Mchuuzi ana kazi na mtaji kidogo. Je, aweza kupewa zaka?
Jawabu: Ndiyo. Fakiri kwa Shafi ni asiye na kitu, au mwenye kisichofika nusu ya haja yake: ahitaji 10 naye ana 2 au 3. Maskini ni mwenye kukaribia haja yake bila ya kuitimiza: ahitaji 10 naye ana 7 au 8. Basi anayeuza kutwa nzima akapata faida ya Sh. 7,000, na chakula, kodi na dawa za wanaomtegemea ni Sh. 10,000, ni maskini wa kisheria, hata akiwa na shati safi na hata asipoomba kamwe. Huyu ndiye wa aya ya 273 iliyotangulia. Na wanavyuoni wamesema mwenye kazi hupewa zana za kazi yake, na mfanya biashara hupewa mtaji unaomfaa, ili atoke katika uhitaji asirudi. Nyavu kwa mvuvi, cherehani kwa mshoni, mtaji kwa mchuuzi: zaka ikitolewa hivi huondoa ufukara, na ikitawanywa sarafu sarafu mlangoni hufuga ufukara.

Mas-ala ya tatu: Mtu akinunua kwa mchuuzi maskini kwa bei ya juu, akanuia kuwa ziada ni zaka yake?
Jawabu: Haisihi. Ziada hiyo imetolewa kuwa thamani ya bidhaa, na zaka hutolewa bila ya badali. Na anunue kwa bei, kisha atoe zaka kwa nia yake mbali. Ama mwenye kutoshindana naye sana katika bei, kwa huruma, ana thawabu: Bukhari amepokea kwa Jabir dua ya rehema kwa mtu aliye mwepesi anapouza, na anaponunua, na anapodai haki yake.

KHATIMA

Katika mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia safari, fukwe zikawa tupu kwa miezi. Hapo ilidhihiri iliyofichika: wengi waliokuwa wakiitwa wasumbufu walikuwa na nyumba nyuma yao, watoto na wazee, ambao chungu chao kilitegemea dafu moja na shanga moja. Msiba ule ulimwingiza mtu wa kazi, kwa siku chache, katika wale watatu wa hadithi ya Qabisa. Hakuna ajuaye ni lini utamfika yeye.

Basi, ewe ndugu Muislamu, utakapojiwa tena mchangani au njiani, fanya manne. Usikemee. Ukinunua, nunua kwa kweli na wepesi. Ukikataa, kataa kwa neno jema. Na urudipo mtaani kwako, muulize imamu wako na majirani zako: ni nani hapa asiyeomba? Kisha mfikie usiku, watu wasione, umpe haki yake iliyomo katika mali yako, kabla hajaishiwa na haya akaenda ufukweni kuitafuta kwa wageni.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kutoa bila ya kusimbulia, na wenye kuchuma bila ya kughushi. Wallahu aalam.